Anapoulizwa Mama, Asijibu Baba: Utafiti wa Maoni na Amana ya Ushahidi

Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ina wakazi zaidi ya laki tatu. Wamo wakulima wa pamba, mtama na dengu, wamo wafugaji, wamo wachimbaji na wafanyabiashara wa Maganzo wanaoishi jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, na wamo watumishi na wachuuzi wa Mhunze, makao makuu ya wilaya. Utafiti wa maoni unaowahoji watu 2,400 nchi nzima, ukigawanywa kwa uwiano wa idadi ya watu, huipa wilaya ya ukubwa huu watu kumi na wawili hivi. Na kwa kuwa wadadisi huwahoji watu wanane katika kila eneo wanalofika, Kishapu nzima inaweza kupata eneo moja, pengine mawili, na pengine isipate hata moja.

Tuigeuze hesabu hiyo upande wa pili. Watu 2,400 wakizungumza kwa niaba ya watu wazima wote wa Tanzania, kila mmoja wao anabeba kauli ya wenzake zaidi ya elfu kumi. Mama aliyeketi chini ya mti nyumbani kwake Kishapu, akiulizwa kama anaridhika na huduma ya maji, au kama anawaamini viongozi wake, hajibu peke yake. Nyuma yake wamesimama watu elfu kumi ambao hawatabishiwa hodi.

Hapo ndipo lilipo swali tunalotaka familia zetu zilitafakari: mdadisi akipiga hodi katika nyumba ya Kiislamu, nani anajibu? Je, ni yule aliyeulizwa, au ni yule mwenye sauti kubwa zaidi ndani ya nyumba? Sisi tunaona kwamba jibu hilo ni aina ya ushahidi, na ushahidi haukaimishwi.

Bambo na gunia

Wengi wetu hushangaa kusikia kwamba watu elfu mbili na ushei wanaweza kueleza maoni ya taifa la watu zaidi ya milioni sitini. Lakini mnunuzi wa nafaka hashangai. Yeye hachomoi dengu zote kutoka kwenye gunia ili ajue kama ni safi. Huchukua bambo, akalichoma gunia pembeni, katikati na chini, kisha akatazama punje chache zilizotoka. Ujuzi wake haupo katika wingi wa punje. Upo katika kulichoma gunia mahali mbalimbali bila kuchaguliwa na muuzaji, maana muuzaji angependa sana achome pale palipopangwa punje nzuri.

Wanasayansi ya siasa hufanya vivyo hivyo. Maeneo huteuliwa kwa nasibu kutokana na orodha ya sensa. Wadadisi wakifika katika eneo, hawaendi kwa mwenyekiti wa kitongoji wakamwomba awaonyeshe watu wazuri wa kuhoji. Huanza mahali palipopangwa, wakatembea kwa utaratibu, wakihesabu nyumba na kuziruka kwa idadi maalumu. Wakihoji mwanamume katika kaya moja, kaya inayofuata humhoji mwanamke, ili mwisho wa safari idadi ya wanaume na wanawake iwe sawa. Kwa utaratibu huo, watu 2,400 hutoa picha ya nchi ambayo kwa kawaida haipotoki zaidi ya pointi mbili za asilimia juu au chini.

Hata hivyo, kipimo cha nchi si kipimo cha wilaya. Watu wanane wa Kishapu wanasaidia kuijua Tanzania, lakini hawawezi kutuambia Kishapu inataka nini. Mtu akikuletea jedwali la utafiti wa nchi nzima kisha akadai kwamba hivi ndivyo wilaya yako inavyofikiri, mwambie kwamba punje nane hazitoshi kulihukumu gunia.

Kazi hii ina historia nchini mwetu. Usukuma wenyewe si mgeni kwa wanasayansi ya siasa. Mmarekani Andrew Maguire alichapisha mwaka 1969 kitabu kizima kuhusu siasa za Wasukuma katika njia ya kuelekea uhuru, zikiwemo ghasia za Geita za mwaka 1958, wananchi walipolikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi lililoletwa na serikali ya kikoloni. Wakati ule hakuna aliyewapelekea dodoso, nao wakatoa maoni yao kwa miguu, wakaandamana hadi Mwanza. Uchaguzi wa mwaka 1965 nao ulichunguzwa na wasomi, wakiongozwa na Lionel Cliffe. Wagombea wawili wa chama kimoja, TANU, walisimama katika karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Mmoja wa walioanguka alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Watu walewale waliomwamkia kwa heshima barabarani walisema neno jingine ndani ya kisanduku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia, unaojulikana kwa jina la REDET. Mwaka 2001 utafiti wa Afrobarometer, unaofanyika katika nchi nyingi za Afrika, uliingia Tanzania kwa mara ya kwanza, ukawahoji watu zaidi ya 2,000. Miongoni mwa waliouongoza na kuuandikia ripoti alikuwa mwanasayansi ya siasa wa Chuo Kikuu hicho, Amon Chaligha. Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na taasisi ya REPOA.

Kura ndani ya nyumba

Sehemu ya utaratibu huu inayozigusa zaidi familia zetu huanza pale mlango unapofunguliwa. Mdadisi hamhoji yeyote aliyemfungulia. Kama ni zamu ya mwanamke, huorodhesha wanawake wote wa kaya hiyo wenye umri wa miaka 18 na zaidi: mke, mama mkwe, binti, shangazi aliyekuja kuishi. Kisha huteuliwa mmoja wao kwa nasibu, zamani kwa karata zenye namba, siku hizi kwa kompyuta ndogo ya mkononi. Jina likiangukia kwa binti wa miaka 19, basi ni yeye, wala si mama yake anayejua mambo zaidi. Kama hayupo, mdadisi huomba miadi arudi baadaye.

Wapo wanaoona kuteua kwa namna hii ni kama mchezo wa kamari. Sivyo. Kamari ni mali inayopatikana kwa bahati. Kura ya kumteua mtu bila upendeleo ni jambo linalojulikana katika dini yetu, na neno lenyewe, kura, tumelipata kutoka Kiarabu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Mama Aisha (Allah amridhie), Mtume (rehema na amani zimshukie) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake, na iliyemwangukia ndiye aliyefuatana naye. Kura huondoa kinyongo, kwa sababu hakuna aliyependelewa.

Vikwazo huanza baada ya hapo. Katika nyumba nyingi, jina la mke likitoka, mume huvuta kiti. Hana nia mbaya. Anaona kwamba mambo ya serikali ni ya kichwa cha nyumba, kwamba mkewe atakosea, au kwamba mgeni huyu si wa kuachiwa aulize apendavyo. Basi akajibu yeye, au akakaa karibu na kutikisa kichwa. Pale ambapo bibi anajua Kisukuma kuliko Kiswahili, mjukuu huitwa awe mkalimani, na mkalimani huyo asipoangaliwa hugeuka kuwa msemaji. Mwishowe karatasini huandikwa maoni ya mwanamke wa miaka 60, kumbe ni ya kijana wa miaka 20. Kosa hilo likirudiwa katika nyumba nyingi, nchi itaambiwa kwamba wanawake wake wanafikiri sawasawa na waume zao. Kisima kitachimbwa pale baba alipotaka, na anayebeba ndoo ni mama.

Tukumbuke kwamba dini yetu haikumpa mume kauli ya mke wake katika mambo ya dhamana yake mwenyewe. Suratul Mumtahina, aya ya 12, inaeleza kuhusu wanawake waumini waliomwendea Mtume kutoa ahadi ya utiifu. Walikuja wenyewe na wakaahidi wenyewe. Hawakutuma waume wala kaka.

Uko pia mfano ambao kila mtafiti wa maoni angeuonea fahari. Sayyidna Umar (Allah amridhie) alipojeruhiwa, aliacha jambo la uongozi mikononi mwa watu sita. Abdurrahman bin Auf akajitoa katika kugombea, akachukua kazi ya kuwauliza watu wa Madina: Uthman au Ali? Mwanahistoria Ibn Kathir anaeleza kwamba kwa siku tatu mchana na usiku hakuwaishia wakuu. Aliwauliza watu mmoja mmoja na makundi kwa makundi, kwa siri na kwa dhahiri, akawafikia wanawake waliokuwa ndani ya sitara zao, wanafunzi katika madrasa, na wasafiri walioingia mjini. Hakusema kwamba wanaume wameshawasemea wake zao. Aliwaendea wanawake walipokuwa, na sitara yao haikuvunjwa.

Funzo la mwisho hilo ni muhimu kwetu. Ipo hoja ya haki inayotolewa na baadhi ya akina baba: mgeni mwanamume hawezi kukaa faragha na mke au binti wa mtu. Hoja hiyo ni sahihi, kwani khalwa imekatazwa. Lakini utafiti hauhitaji khalwa. Unahitaji majibu yasisikiwe na mwingine. Basi waketi uani au chini ya mti, mahali ambapo macho ya watu wa nyumba yanafika lakini masikio hayafiki. Kama katika kundi la wadadisi yumo mwanamke, familia iombe aje yeye. Mume aliyesimama hatua thelathini akichunga heshima ya nyumba yake ametimiza wajibu wake. Aliyesimama nyuma ya kiti akichunga majibu amevuka mpaka.

Nani amewatuma?

Mwishoni mwa mahojiano ya Afrobarometer huwa kuna swali fupi: unadhani ni nani aliyetutuma? Linaonekana dogo, lakini ni kama kipimo cha homa. Katika nchi nyingi za Afrika watu wengi hujibu kwamba ni serikali, ingawa mdadisi alijitambulisha mwanzoni kuwa hakutumwa na serikali wala chama. Wachambuzi waliolinganisha majibu wamegundua kwamba wanaoamini mgeni ametumwa na serikali huisifu serikali zaidi kuliko wasioamini hivyo. Yaani baadhi ya sifa hizo ni tahadhari tu.

Ripoti ya Chaligha na wenzake iliyotoka mwaka 2002 ilikuwa na kichwa cha habari kilichouliza kama Watanzania ni raia wasiohoji au ni watu waliokabidhi dhamana kwa viongozi wakasubiri kwa saburi. Walikuwa wamekuta wananchi maskini wenye imani kubwa mno kwa taasisi za serikali yao. Tafsiri zote mbili zinawezekana, na ya tatu haiwezi kupuuzwa: kwamba katika jamii iliyolelewa na balozi wa nyumba kumi, na huku kwetu Usukumani na sungusungu wanaojua nani ameingia kijijini, mtu hujifunza mapema kumpa mgeni jibu lisilomletea matatizo.

Ndugu msomaji, tusiwalaumu wazee wetu kwa tahadhari hiyo. Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana, na Muislamu ana haki ya kuogopa jasusi. Lakini mdadisi halali anatofautiana na jasusi kwa mambo matatu. Hujitambulisha, huomba ridhaa, na hukubali kukataliwa. Jina la aliyejibu halitangazwi. Asiyetaka kujibu aseme sitaki, kwani kukataa si dhambi. Lakini aliyekubali kujibu ameingia katika ushahidi. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Kusema huduma ni nzuri ilhali zahanati haina dawa, eti kwa kumwonea mgeni haya, ni kuwadhulumu wale elfu kumi walio nyuma yako.

Hofu haiwakumbi wanaojibu peke yao. Mwaka 2018 taasisi ya Twaweza, inayowahoji wananchi kwa simu kupitia mpango wake wa Sauti za Wananchi, ilitangaza kwamba waliokubali utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 71 mwaka 2017 na asilimia 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliiandikia barua taasisi hiyo ikihoji kibali cha utafiti, na mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa hati ya kusafiria. Mwaka huohuo sheria ya takwimu ilibadilishwa kwa kubanwa, kisha mwaka 2019 ikalegezwa. Wapo waliofurahi na wapo waliokasirika. Sisi tunasema jambo moja: kipimo cha homa kikionyesha homa, kukivunja hakumponyi mgonjwa.

Maoni si kura

Je, utafiti unaweza kukosea? Naam. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2010, REDET ilitangaza kwamba mgombea wa CCM, Jakaya Kikwete, angepata asilimia 71. Tume ilipotangaza matokeo, alikuwa amepata asilimia 61, na Dk. Willibrod Slaa wa Chadema akapata asilimia 26, zaidi sana ya alivyokadiriwa. Palitokea nini? Sehemu ya jibu imo katika idadi ya waliojitokeza. Katika watu milioni 20 walioandikishwa, waliopiga kura hawakufika milioni 9, sawa na asilimia 43 hivi, ilhali mwaka 2005 walikuwa asilimia 72. Utafiti ulimhesabu aliyekuwa na maoni, lakini kisanduku humhesabu aliyeamka asubuhi akaenda.

Mwaka huohuo, jirani kabisa na Kishapu, jimbo la Shinyanga Mjini liliamuliwa kwa tofauti ya kura moja, pale Stephen Masele wa CCM alipotangazwa mshindi dhidi ya Philipo Shelembi wa Chadema. Kura moja! Ni nyumba ngapi za Shinyanga siku ile zilikuwa na mtu aliyesema kwamba kura yake haina maana?

Yako pia maoni ambayo wengi wakiyasema hayawi uamuzi. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikusanya maoni ya watu zaidi ya 36,000, na takribani asilimia 77 walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, navyo vikaruhusiwa mwaka 1992. Ililipa uzito neno la wachache, na pia ikaona kwamba wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja walidai mageuzi makubwa. Kuuliza watu ni shura. Baada ya shura hubaki kazi ya kupima, na bila kuuliza hakuna cha kupima.

Habari ikikufikieni

Familia inaposikia redioni kwamba asilimia fulani ya Watanzania wanasema hivi au vile, isiikatae kwa kuwa haiipendi wala isiipokee kwa kuwa inaipenda. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Wazazi wawafundishe watoto kuuliza mambo manne. Nani ameuliza, na nani amelipia? Walioulizwa ni wangapi, na waliteuliwaje? Waliulizwa ana kwa ana au kwa simu, na wasio na simu walifikiwaje? Na swali lenyewe lilisomeka vipi? Anayeuliza kama unakubaliana na kazi nzuri ya diwani ameshakujibia.

Kwa jamii yetu ya Waislamu jambo hili lina uzito wa ziada. Sensa ya mwisho kuuliza dini nchini mwetu ilikuwa ya mwaka 1967, na tunakumbuka jinsi suala hilo lilivyotugawa wakati wa sensa ya mwaka 2012, wengine wakikataa kuhesabiwa. Afrobarometer huuliza dini ya kila anayehojiwa. Kwa hiyo ni mahali pachache ambapo mtafiti anaweza kulinganisha hali za Waislamu na wenzao katika elimu, ajira na imani kwa taasisi. Muislamu anayefunga mlango au anayejibu uongo anawaondolea wenzake ushahidi ambao kesho wataulilia.

Basi baba wa nyumba, mgeni akija na kitambulisho chake, msome, mkaribishe maji, muulize ametoka wapi. Jina la mkeo, mama yako au binti yako likitoka, mwambie kwamba hakuna jibu la kukuridhisha wewe, na kwamba usiku hutamhoji alisema nini. Kisha mwekee kiti penye kivuli, usogee hatua zako thelathini. Nawe mama, sema unachokijua. Usichokijua sema hujui, nalo ni jibu linaloandikwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosimamia ushahidi wao kwa haki, na azijaalie nyumba zetu ziwe mahali ambapo mkubwa husikilizwa na mdogo naye husikilizwa. Amin.